Mafahali Wawili wa Osaka

Mwaka 2001, Satoshi Kawata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani walichonga kwa leza fahali wa polima mwenye urefu wa mikromita 10, unaokaribia upana wa chembe nyekundu ya damu. Picha yake, pembe na kwato zikionekana dhahiri, ilisifiwa sana. Njia hiyo hiyo leo hutumiwa maabara kutengeneza viunzi vya kukuzia seli.

Resini ya majimaji huganda pale tu mwanga wa leza ulipokusanyika mno, hata fotoni mbili zikafyonzwa kwa pamoja, tukio alilolitabiri Maria Göppert-Mayer mwaka 1931. Resini iliyosalia huoshwa.

Linalosahauliwa ni kwamba mafahali walikuwa wawili, nao, kinyume cha methali, walikaa zizi moja: ukurasa mmoja wa jarida la Nature. Wa kwanza alichorwa na leza mwili mzima, kwa dakika 180. Wa pili alichorwa umbo la nje tu, kwa dakika 13, kisha ndani akagandishwa kwa taa ya zebaki. Watafiti walilieleza hilo waziwazi. Hata hivyo, hadubini ya elektroni waliyoitumia huonyesha uso wa kitu, si tumbo lake. Asiyesoma maelezo hangeweza kuwatofautisha.

Kwa sanamu, si neno. Kwa kiunzi kinachokusudiwa kuwekwa mwilini, ni suala zito. Resini isiyoganda vema, pamoja na kemikali inayoanzisha mgando, huweza kudhuru seli. Tena, polima hizo aghalabu hunywea zinapooshwa na kukaushwa, na kabla ya kupigwa picha hupakwa utando wa metali, mara nyingi dhahabu, na kuwekwa penye ombwe. Jeraha la binadamu halina ukavu huo, wala dhahabu.

Mhudumu wa afya anayeonyeshwa picha ya namna hiyo hana budi kuuliza kama kiunzi kimetazamwa pia kikiwa kimelowa, kwa hadubini inayopenya tabaka baada ya tabaka, na kama seli zilizopandwa humo zilikuwa hai baada ya siku kadhaa. Aulize pia kipimo cha ukubwa, ambacho waandishi wa habari hupenda kukikata. Naye mgonjwa wa mfupa au ngozi aliyeiona picha hiyo kwenye simu yake aambiwe kwa upole kwamba imetoka maabara, na kwamba asiache dawa alizoandikiwa wala tarehe yake ya kliniki.