Kibanja cha Bibi ni Darasa

Mama msomaji, jioni moja hapa Hamugembe tulimwomba mtoto wetu wa darasa la tano atutajie aina tatu za ndizi. Akaijua gonja tu, kwa sababu huila ya kuchoma. Lakini tufaa, ambalo halijawahi kuota kwetu, alilichora bila kutazama kitabu.

Hatukumcheka. Ni sisi tuliomzoesha kuwa jembe ni adhabu: umekosa, nenda kapalilie! Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe somo. Wengi wetu tuliambulia jembe, somo hatukuliona.

Jumamosi tukampeleka Muleba kwa bibi yake, na daftari na penseli za rangi. Bibi akataja enshakala na enchoncho, akaimba kwa Kihaya, mtoto akachora. Walipofika kwenye ua dume la mgomba, bibi akalivunja kwa kijiti chenye panda. Kwa nini si kisu? Kisu hubeba mnyauko kutoka mgomba hadi mgomba, nao wadudu huuchukua kwenye ua. Ugonjwa huo ulionekana Muleba mwaka 2006, na bibi aling'oa migomba yake mingi.

Mtoto aliandika hayo yote chini ya picha, bila kuagizwa.

Likizo ijayo, dada, jaribu nawe. Daftari lisilo na mistari linafaa zaidi.