Mabadiliko ya Bustani ya Toronto: Kwa Faida ya Nani?

BUSTANI ya wanyama iliyojengwa kwa kodi ya wakazi wa mji ni mali ya umma, kama ilivyo shule, zahanati au maktaba. Kwa hiyo kila banda linapofungwa humo, kila mnyama anapoondolewa na kila mgeni anapoletwa, hapana budi pawepo mtu wa kuuliza: mabadiliko haya ni kwa faida ya nani? Je, ni kwa faida ya mnyama mwenyewe, ya elimu ya watoto wa mji, au ya sanduku la fedha lililoko mlangoni? Swali hili ni la haki, na wale wanaokasirika linapoulizwa ndio hasa wanaopaswa kulijibu.

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa Bustani ya Wanyama ya Toronto, nchini Kanada. Bustani hiyo, ambayo ni mali ya jiji, ilifunguliwa mwezi wa Agosti 1974. Miongoni mwa wanyama wake wa kwanza walikuwamo tembo wadogo waliozaliwa Msumbiji. Mmoja alipewa jina la Iringa, na mwingine Toka. Tembo wa tatu wa kisa hiki, Thika, alizaliwa huko huko Toronto mwaka 1980. Ndugu msomaji hana haja ya kuelezwa majina hayo yametoka wapi. Iringa ni mji wetu wa Nyanda za Juu Kusini, jirani na hifadhi ya Ruaha. Thika ni mji wa Kenya. Na Toka, kwa ajuaye Kiswahili, ni amri iliyochukua karibu miaka arobaini kutekelezwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1974 Msumbiji ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Mwananchi wa nchi hiyo hakuulizwa kama anaridhia ndama wa tembo wapelekwe ng'ambo ya bahari; alikuwa bado haulizwi hata juu ya nchi yake mwenyewe. Waliochukua walichukua kwa desturi ile ile waliyochukulia pamba na nguvu za watu. Kisha mnyama akabandikwa jina la Kiafrika, ili mtazamaji aliyelipa kiingilio aamini kwamba ameiona Afrika.

Je, Afrika gani hiyo? Tembo jike katika makazi yake huishi ndani ya ukoo unaoongozwa na mama mzee, hutembea masafa marefu kutafuta malisho na maji, na ndama wake hujifunza kwa bibi, mama na shangazi. Toronto ni mji wa majira ya baridi kali, ambapo maji huganda kuwa barafu na theluji hufunika ardhi. Katika majira hayo tembo hana budi kukaa bandani kwa muda mrefu, na sakafu ngumu ya banda ni adui wa miguu yake. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za tembo zaidi ya 4,500. Waligundua kwamba tembo jike wa Kiafrika aliyezaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya alikuwa na umri wa kati wa kuishi wa miaka 16.9, hali wenzake wa Amboseli, nchini Kenya, waliofikwa na mauti ya asili, walifikia miaka 56. Hata walipohesabiwa wale wa Amboseli waliouawa na binadamu, umri huo ulikuwa miaka 35.9. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba tembo wa porini, pamoja na mikuki na risasi zinazomwandama, aliishi mara mbili zaidi ya mwenzake aliyekuwa na daktari, mlinzi na chakula cha kuletewa.

Toronto nako mauti hayakukawia. Kati ya mwaka 2006 na mwaka 2009 tembo wanne walikufa katika bustani hiyo. Wakabaki watatu: Iringa, Toka na Thika. Mwezi wa Mei 2011 bodi ya bustani iliamua kwamba banda la tembo lifungwe, kwa kuwa kulitengeneza upya kungedai mamilioni ya dola. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Watumishi wa bustani walitaka tembo wapelekwe katika bustani nyingine yenye ithibati ya AZA, jumuiya ya bustani za wanyama za Marekani. Baraza la Jiji, katika kikao cha Oktoba 2011, likaamua kwa kura 31 dhidi ya 4 kwamba tembo hao waende California, katika makao ya shirika liitwalo PAWS karibu na San Andreas. Makao hayo yana eneo la ekari 2,300, na humo mnyama hafanyishwi michezo wala hatembezwi mbele ya umati.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Ilisemwa ati madiwani wameingilia kazi ya wataalamu. Ilisemwa kwamba PAWS kulikuwa na hatari ya kifua kikuu cha tembo. Mwaka 2012 AZA ikainyang'anya bustani ithibati yake, si kwa sababu wanyama wamenyimwa chakula au maji, bali kwa sababu baraza lililochaguliwa na wananchi lilitoa uamuzi ambao jumuiya hiyo iliuona ni haki ya wakuu wa bustani peke yao. Ithibati ilirudishwa mwaka 2016. Madiwani hawakutishika, mwezi wa Novemba 2012 waliurudia uamuzi wao, na mwezi wa Oktoba 2013 tembo watatu wakasafirishwa kwa malori, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, kwa gharama iliyolipwa na Bob Barker, mtangazaji mashuhuri wa televisheni.

Hoja ya wataalamu haifai kupuuzwa, lakini haifai pia kuabudiwa. Hofu ya kifua kikuu ilikuwa jambo la kupimwa na kujibiwa kwa vipimo. Haikuwa halali kuifanya komeo la mlango. Mtaalamu huajiriwa ili amweleze mwenye mali njia ya kufikia lengo, kwa gharama gani na kwa hatari zipi. Lengo lenyewe ni la mwenye mali. Daktari wa tembo anajua namna ya kutibu ukucha uliooza. Lakini swali la kama ni haki kumweka tembo mahali panapomwozesha kucha, hilo si la daktari peke yake. Ni la kila raia anayelipa kodi. Tena wataalamu hao walikuwa na nafasi ya karibu miaka arobaini. Kama banda lilikuwa jema, mbona lilifungwa? Na kama lilikuwa baya, mbona ilibidi jambo hilo lisemwe kwa sauti kubwa na watu wa nje?

Wapo waliodhani wamepata ushindi mwezi wa Julai 2015, Iringa alipokufa akiwa na umri wa miaka 46, chini ya miaka miwili tangu afike California. Walisema: mnaona, safari haikumfaa kitu. Hoja hii haina msingi. Iringa alikuwa na maradhi ya viungo na ya miguu, na maradhi ya namna hiyo hayaoti kwa miezi ishirini. Ni hesabu ya miaka mingi iliyokuja kudaiwa mwishoni. Kumpa mzee mgonjwa jua na udongo laini katika siku zake za mwisho si kosa la yule aliyempa. Aibu ni ya yule aliyemchelewesha.

Lakini tusiwavike madiwani wa Toronto kilemba cha utakatifu. Mwaka ule ule wa 2013, miezi saba kabla ya tembo kuondoka, mji huo huo ulipokea kwa shangwe panda wawili kutoka China, Er Shun na Da Mao. Waziri Mkuu Stephen Harper mwenyewe alikwenda uwanja wa ndege kuwalaki. Panda hao walikuwa wa kukodi, kwa makubaliano ya miaka kumi, miaka mitano Toronto na mitano Calgary, na kodi yao ilikuwa kiasi cha dola milioni 1 kwa mwaka. Mwaka 2018 walihamishiwa Calgary kama mkataba ulivyotaka, na Novemba 2020 walirejeshwa China kabla ya muda kwisha, kwa kuwa janga la korona lilikuwa limevuruga usafirishaji wa mianzi mibichi wanayoila. Hapo ndipo tunapoona kwamba banda moja lilifungwa kwa huruma, na jingine likafunguliwa kwa mahesabu. Hamu ya kumwonyesha mgeni wa ajabu haikufa. Ilibadili ngozi tu.

Na wakati umati ulipokuwa ukipanga foleni kumtazama panda, bustani hiyo hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya maana ambayo haina foleni. Tangu mwaka 1997 imekuwa ikizalisha marmoti wa kisiwa cha Vancouver, mnyama mdogo wa jamii ya kindi anayeishi mashimoni katika milima ya Kanada yenyewe. Mwaka 2003 marmoti hao walikuwa wamebaki chini ya 30 porini. Kwa juhudi za kuwazalisha na kuwarudisha milimani, leo wamezidi 300. Hii ndiyo bustani ya wanyama inayostahili kodi ya wananchi: inayomhifadhi mnyama wa nchi yake, katika hali ya hewa aliyoizoea, kwa shabaha ya kumrudisha kwao. Marmoti hana mkonga wala pembe, na picha yake haivuti wateja. Kwa hiyo hatajwi. Kweli, kizuri si lazima kiwe kikubwa.

Miji mingine haikutaka kujifunza. Mwezi wa Machi 2016 tembo 17 walichukuliwa kutoka Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini, wakapelekwa katika bustani za Dallas, Wichita na Omaha, nchini Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukame na uhaba wa malisho. Ukame ulikuwa wa kweli. Lakini mwenye nia ya kuokoa tembo wa Afrika kwa ukame angeanza kwa kutafuta malisho Afrika. Mwezi wa Agosti 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zilipokutana Geneva, zilibana sana usafirishaji wa tembo wa Kiafrika waliokamatwa porini kwenda kufungiwa nje ya makazi yao ya asili, isipokuwa kwa sababu za pekee kabisa. Uamuzi huo haukuja kwa hisani ya wenye mabanda. Ulipiganiwa, na nchi nyingi za Kiafrika zilikuwa mbele katika kuupigania.

Sasa turudi nyumbani, maana nyani haoni kundule. Nani anayefungua mlango wa ghala ili mwizi apite? Mwezi wa Novemba 2010 wanyama na ndege hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege ya kijeshi ya Qatar kwenye Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Twiga ni nembo ya taifa letu, tena hana umbo la kufichwa mfukoni. Alipita katika uwanja wenye walinzi, ofisi na mihuri. Tena kati ya mwaka 2009 na mwaka 2014 hesabu ya tembo wa Tanzania iliporomoka kutoka 109,051 hadi 43,330 kwa ujangili. Ilikuwa vema Serikali iliposimamisha, mwaka 2016, usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Lakini amri ya Serikali ina nguvu sawa na uadilifu wa yule mtumishi aliyeshika kalamu. Mnyama anayeonekana katika banda jipya la mji wa mbali alianza safari yake kwenye karatasi, mezani kwa mtu.

Kwa hiyo kazi iko kwa watumishi wa umma na walimu. Mtumishi aulize, kabla ya kutia saini: mnyama huyu anakwenda kuishi, au kuonyeshwa? Mwalimu naye asiwafundishe watoto kwamba kumwona tembo ni kumjua. Mtoto wa Toronto aliyemtazama Iringa akisimama katika theluji hakujifunza habari za tembo. Alijifunza kwamba mwenye nguvu anaweza kumtoa kiumbe kwao, akampa jina na kumtoza mtazamaji kiingilio. Somo hilo Afrika inalijua kwa gharama yake yenyewe, na haina sababu ya kulikubali lifundishwe tena, hata kama mwanafunzi wa leo ni mtoto na anayesimamishwa mbele yake ni tembo.