Mali Bila Daftari: Makala za Wasomi Wetu Zinalindwa na Nani?

Anayetaka kuielewa Tabora ya misafara, Unyanyembe iliyokuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji, hana budi kuyasoma Maisha ya Tippu Tip. Hamed bin Muhammed alifariki mwaka 1905, lakini simulizi yake ya Kiswahili ingali mikononi mwetu. Heinrich Brode aliichapisha katika jarida la kitaaluma la Berlin mwaka 1902 na 1903. Jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki likaitoa upya mwaka 1958 na 1959. Nakala zikatawanyika katika maktaba nyingi. Hakuna moto wa jengo moja ambao ungeziteketeza zote.

Sasa nauliza: makala juu ya Mirambo au wapagazi wa Kinyamwezi inayochapishwa leo katika jarida la chuo chetu, itasomeka mwaka 2090? Majarida mengi hayana tena toleo la karatasi. Yanaishi katika seva moja, chini ya fundi mmoja, kwa ada ya tovuti inayoweza kusahauliwa kwenye bajeti. Mara kadhaa nimewapa wanafunzi wangu rejea, wakarudi na kiungo kilichokufa.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2021 Mikael Laakso na wenzake walionyesha kuwa majarida huria 174 yalitoweka mtandaoni duniani kati ya mwaka 2000 na 2019.

Wakubwa wetu hujitetea kwa hoja mbili. Kwanza, "tunayo tovuti." Tovuti ni kibaraza cha duka, si ghala. Hata namba ya DOI ni anwani tu. Nyumba ikibomoka, anwani haimlazi mgeni. Pili, "hakuna fedha." Jarida linaloendeshwa kwa programu ya OJS na lenye namba ya ISSN laweza kujiunga bure na mtandao wa hifadhi wa PKP, ambao hutunza nakala katika taasisi mbalimbali. Mhariri anatakiwa kuiwasha huduma na kukubali masharti. Hapo tatizo si umaskini, ni uzembe.

Misafara ilijua siri hii. Bidhaa ziligawanywa kwa wapagazi wengi. Mmoja akiugua au akitoroka, mali yote haikupotea naye.

Vyuo vyetu humhesabia mhadhiri makala ili apande cheo, kisha haviulizi zinatunzwa wapi. Utaratibu huu ubadilishwe. Jarida lisilo na ushahidi wa hifadhi nje ya seva yake lisihesabiwe katika kupandisha vyeo. Bodi ya Huduma za Maktaba, inayopokea nakala za vitabu kwa mujibu wa sheria, iwezeshwe kwa watu na mitambo kutunza pia matoleo ya kidijitali.

Nawe mwanafunzi, nawe mtumishi wa umma unayepitisha bajeti, muulizeni kila mhariri swali moja: seva hii ikizimika leo, nakala nyingine iko wapi? Asiyekuwa na jibu anachezea urithi usio wake.