Ilani ya Kumlinda Nguva

Sisi wavuvi, kina mama wavuao pweza, manahodha na wanafunzi wa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, leo tunaanzisha harakati moja ya kumlinda nguva. Tumeungana kwa sababu nguva ni mmoja na serikali ni tatu. Hula nyasi bahari, na zikipungua aweza kusafiri mamia ya kilomita kutafuta nyingine.

Desemba 2022 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtangaza nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kuwa hatarini kabisa kutoweka: wapevu waliobaki hawafiki 250. Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya zaidi ya mwaka, kisha hupita miaka mitatu hata saba kabla ya kuzaa tena. Kundi kubwa lililosalia liko Bazaruto, Msumbiji.

Namna anavyokufa tunaijua sana. Wavu uitwao jarife hutegwa jioni juu ya nyasi, kusubiri papa na taa. Nguva huja kula usiku, pezi likanasa. Ana mapafu kama sisi. Asipoibuka kuvuta pumzi ndani ya dakika chache, hufa humo humo. Alfajiri mvuvi anakuta mzoga ambao hakuutafuta. Akisema, anaogopa kukamatwa. Basi anaukatakata na kunyamaza, na kifo hicho hakiandikwi popote.

Kwa hiyo tunadai jarife litoke kwenye malisho ya nguva pande zote za mpaka kwa wakati mmoja, maana kulizuia Vanga, Kenya, na kuliachia Moa, Tanzania, ni kuhamisha kifo tu. Mvuvi anayelisalimisha apewe nyavu nyingine na mtaji. Anayeripoti nguva aliyenasa asishtakiwe. Na daftari la vifo liwe moja, toka Kiunga, Kenya, hadi Bazaruto.

Serikali zetu tatu zimesaini makubaliano ya nguva yaliyozinduliwa Abu Dhabi mwaka 2007. Montreal, mwaka 2022, mataifa yaliahidi kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Ahadi hizo tunaziheshimu, na ndiyo maana tunataka zifike dikoni. Wenzetu wa Ghuba, ambako nguva bado ni maelfu, tunawaomba waje tufundishane.

Tunaanza na majarife yetu wenyewe: kuanzia kusi hii, hakuna mwanachama atakayetega juu ya nyasi bahari.