Meli Inakukaribisha, Bandari Je?

Leo naweka kando kidogo mambo ya Linux na simu za mkononi. Kuna swali ambalo ukilitazama juujuu ni la utalii tu, lakini mimi kila nikilitazama naona swali la data: je, safari ya meli ya kitalii katika visiwa vya Karibi ni salama kwa wapenzi wa jinsia moja?

Najua kuna walioshakunja uso. Wengine watasema haya ni mambo ya Wamarekani wenye pesa, sisi yanatuhusu nini? Subirini, nitafika hapo.

Kwanza tuelewe jinsi safari hizi zinavyokwenda. Meli inaondoka Miami, Fort Lauderdale au San Juan kule Puerto Rico, inazunguka kwa siku saba hivi, na karibu kila siku inafunga gati katika kisiwa kingine. Abiria wanashuka asubuhi, wanaogelea, wananunua fulana na chupa ya ramu, jioni wanarudi ndani na safari inaendelea. Meli kubwa kabisa zinabeba zaidi ya abiria 5,000, yaani mji mzima unaoelea. Kampuni kubwa zinatangaza wazi kwamba wapenzi wa jinsia moja wanakaribishwa, na ipo kampuni ya Marekani, Atlantis Events, ambayo biashara yake ni kukodi meli nzima kwa ajili yao.

Kwa hiyo mtu anafungua tovuti, anaona picha ya wanaume wawili wakigonganisha glasi kwenye sitaha, anatoa kadi ya benki, basi. Hapo ndipo mimi napata shida. Ile "karibuni" imebandikwa kwenye meli, lakini abiria hanunui meli, ananunua njia! Njia hiyo ina nchi nne au tano, kila moja na bunge lake, polisi wake na makanisa yake. Wale mnaoandika programu mtanielewa haraka: ni kama hifadhidata yenye safu moja tu ya "salama", jibu ndiyo au hapana, ilhali jibu la kweli linategemea mahali, tarehe, na mtu mwenyewe ni nani.

Tuanze na meli yenyewe. Ikiwa katika bahari kuu, meli hufuata sheria ya nchi ambayo bendera yake inapeperushwa. Na meli nyingi za kampuni hizi, ingawa ofisi kubwa ziko Marekani, hazina bendera ya Marekani. Zimeandikishwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda. Watu hudhani hili ni jambo la kodi na mishahara peke yake. Sivyo. Malta iliporuhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2017, meli za Celebrity Cruises zenye bendera ya Malta ziliweza kufungisha ndoa hizo baharini, na Januari 2018 nahodha wa Celebrity Equinox alifungisha ya kwanza. Wakati huohuo wenye meli za bendera ya Bermuda walikuwa wanayumbishwa. Mahakama ya Bermuda iliruhusu ndoa hizo mwaka 2017, bunge likaziondoa kwa sheria iliyoanza kutumika 2018, mahakama zikazirudisha, kisha mwezi Machi 2022 baraza la rufaa la London, Privy Council, likaamua kwamba bunge lilikuwa na haki ya kuziondoa. Carnival, ambao wana meli kadhaa zilizoandikishwa huko, walijitokeza kuunga mkono upande wa waliopinga sheria hiyo. Fikiria hilo: harusi yako katikati ya bahari inategemea kesi ya kisiwa ambacho pengine hutakanyaga hata siku moja.

Lakini harusi ni sherehe, inaweza kusubiri. Kamba ya meli ikishafungwa gatini, mambo ni mengine. Meli iliyo ndani ya bandari iko ndani ya nchi, na polisi wa nchi hiyo wanaweza kupanda. Abiria wengi wanadhani sheria inabadilika wanaposhuka ngazi. Hapana, imebadilika tayari wakiwa bado kitandani.

Machi 2012 meli ya Celebrity Summit, iliyokodiwa na Atlantis, ilikuwa imefunga gati Dominica. Wanaume wawili kutoka California walionekana na watu wa gatini wakifanya tendo la ndoa kwenye roshani ya chumba chao. Polisi wakapanda, wakawakamata. Shtaka lililotajwa mwanzoni lilikuwa la kufanya mapenzi kinyume cha sheria za kisiwa. Mwishowe walikiri kosa la kujianika uchi hadharani, wakatozwa faini ya karibu dola 900 kila mmoja na kuondoka. Nasema wazi kwamba hata mume na mke wakifanya hivyo mbele ya wachukuzi wa mizigo wataitiwa polisi, na haki yao. Lakini mume na mke wasingeambiwa kwamba kosa lao ni lile la aina ya mapenzi yenyewe. Sijui kama mnanipata. Tofauti ya faini na jela ilikuwa ni uamuzi wa mwendesha mashtaka wa siku hiyo, basi.

Sasa usifanye haraka ya kuiwekea Dominica alama nyekundu, maana mwezi Aprili 2024 Mahakama Kuu ya kisiwa hicho iliifuta sheria hiyo. Belize waliifuta 2016. Antigua na Barbuda, Saint Kitts na Nevis, na Barbados, zote mwaka 2022, kila moja kwa uamuzi wa mahakama. Saint Lucia mwezi Julai 2025. Ukiwa na kitabu cha mwongozo wa watalii cha mwaka 2015, nusu ya ukurasa wake ni uongo leo.

Na data hizi hazisogei mbele tu. Trinidad na Tobago mahakama iliifuta sheria hiyo mwaka 2018, watu wakasherehekea barabarani, programu zikasasishwa, ramani zikapakwa rangi ya kijani. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikairudisha, ingawa kwa kifungo kifupi kuliko zamani. Sababu ni kifungu cha katiba kinachozilinda sheria zilizokuwepo kabla ya uhuru. Jamaika walikwama hapohapo mwaka 2023: sheria ya mwaka 1864, kifungo hadi miaka 10, na Mahakama Kuu ikasema katiba haiiruhusu kuigusa. Ni kama ule msimbo wa zamani unaoukuta kazini, ulioandikwa na mtu aliyeondoka kitambo, na juu yake pameandikwa "usiguse". Saint Vincent na Grenadines walishindwa kesi mwezi Februari 2024. Grenada sheria bado iko vitabuni pia.

Hapa ndipo tunaingia sisi. Aliyeandika msimbo wa Jamaika ndiye aliyeandika wetu. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria yetu ya makosa ya jinai vilitoka kwa mkoloni yuleyule, adhabu hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Uingereza na Wales wenyewe walianza kuilegeza sheria yao mwaka 1967! Kwa hiyo anayesema hadithi hii ni ya Karibi peke yake hajafungua sheria za nchi yake.

Turudi kisiwani. Kuna wanaosema, "Sheria zipo kwenye karatasi tu, nani amewahi kumkamata mtalii?" Ni kweli kwamba kukamatwa ni jambo la nadra, na maelfu ya wapenzi wa jinsia moja hushuka Ocho Rios na Falmouth wakarudi na fulana zao salama. Mimi sisemi wasiende. Lakini sheria na kukubalika ni vitu viwili, na havitembei pamoja. Bahamas iliondoa sheria yake mwaka 1991. Hata hivyo mwaka 2004 meli ya Norwegian Dawn, ikiwa na familia za wapenzi wa jinsia moja pamoja na watoto wao kwenye safari ya R Family Vacations, ilifika Nassau ikakuta waandamanaji wanawasubiri. Watoto walishuka ngazi wakipigiwa kelele. Miaka sita kabla ya hapo serikali ya Cayman iliinyima meli ya Leeward ruhusa ya kufika, kwa hoja kwamba haiwezi kutegemea abiria hao 900 wa Atlantis wawe na tabia inayotakiwa. Walikuwa hawajafanya lolote. Walihukumiwa kwa orodha ya abiria.

Kuna pia hatari ambayo haihitaji polisi wala waandamanaji, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Abiria wengi wa meli hizi ni watu wazima, wengine wastaafu. Chukulia wanaume wawili waliooana New York, wameishi pamoja miaka 30. Mmoja anashikwa na moyo, daktari wa meli anasema hali hii haiwezekani ndani ya meli, ateremshwe hospitali ya kisiwani. Meli haisubiri, jioni inaondoka. Yule aliyebaki kando ya kitanda ni nani mbele ya hospitali hiyo? Kama kisiwa hakitambui ndoa yao, kisheria anaweza kuhesabiwa ni rafiki tu. Nani anatia sahihi ya upasuaji? Karatasi ya wakili inayompa mamlaka ya kuamua mambo ya matibabu, iliyochapishwa na kuwekwa ndani ya begi, inaweza kusaidia kuliko ramani zote zenye rangi.

Upande wa simu nao. Programu za kutafuta wachumba zinaonyesha uko umbali gani na mtu mwingine, na ukichukua umbali huo kutoka sehemu tatu unaweza kuchora mtu alipo, hesabu ya kidato cha pili. Mwaka 2014 watafiti walionyesha jambo hilo kwenye Grindr, na kampuni ikaficha umbali katika nchi kadhaa zenye hatari. Tinder walianza mwaka 2019 kuonya msafiri anapoingia katika nchi karibu 70 na kumficha mpaka aamue mwenyewe. Hii ndiyo kazi nzuri ya programu: inajua mahali, inajua sheria, inakwambia kabla. Msafiri wa meli ana shida zaidi kwa sababu anavuka mipaka akiwa amelala. Simu yake jana usiku ilikuwa kwenye intaneti ya meli, asubuhi imedaka mnara wa Jamaika. Zima kuonyesha umbali kabla hujalala.

Sasa, kampuni za meli. Ukinunua tiketi wanakuuliza pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, chakula usichokula, hata nguo za jioni ya tatu. Wanajua meli itafika gati gani saa ngapi. Lakini katika kurasa za njia nilizozipitia, ukibofya bandari unaonyeshwa ufuo, kasa na duka la almasi. Mstari mmoja tu ungetosha: sheria ya hapa inasema hivi, tarehe ya kusahihishwa ni hii. Si kazi ngumu, kijana wa mwaka wa pili wa chuo anaiandika wikendi moja. Nadhani hawaiandiki kwa sababu hawataki kuudhi serikali za visiwa wala kumtisha mteja. Naelewa biashara. Lakini huwezi kuchukua pesa ya mtu kwa kumwambia anakaribishwa, kisha ukanyamaza kuhusu mahali unapompeleka.

Na mstari huo usiandikwe kwa ajili ya mtalii peke yake. Mtalii ana pasipoti, ubalozi, na meli inayoondoka saa kumi na moja jioni. Mwezi Julai 2013, karibu na Montego Bay, mji huohuo ambao meli hizi hufika, kijana wa Kijamaika mwenye umri wa miaka 16 aliuawa na umati kwenye sherehe ya dansi kwa sababu alivaa nguo za kike. Yeye hakuwa na ngazi ya kupanda. Tangu 2015 wenzake wamekuwa wakiandaa sherehe za Pride Kingston na Montego Bay, na huo ni ujasiri ambao mimi nikiwa nyuma ya kompyuta yangu siwezi kuupima. Nikisikia mtalii anasema "Jamaika hakuna shida, mimi nilikaa saa saba na watu walikuwa wakarimu", natamani kumuuliza aliongea na nani, na huyo aliyeongea naye aliweza kusema nini mbele ya dereva wa teksi.

Nimeanza kuandaa jedwali dogo la bandari hizi, faili la maandishi tu, mtu yeyote ataweza kulipakua bila kulipa. Safu ni bandari, sheria, tarehe ya uamuzi wa mwisho, kama rufaa bado iko mahakamani, na kama ndoa inatambuliwa hospitalini. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuijaza. Mwenye kujua sheria za Barbados au Aruba anipe mkono. Safu ya "salama, ndiyo au hapana" sikuiweka.