Msimwambie Anyamaze

Mama anayetunza fedha za umoja wa akina mama akizushiwa kwamba amekula hela ya mabati ya kanisa, ushauri atakaopewa ni mmoja, awe Kideleko, Handeni, au Manundu, Korogwe: nyamaza, mwachie Mungu. Atapewa na mchungaji, atapewa na mama mkwe, atapewa na msimamizi wake wa ubatizo. Ataambiwa hata Yesu alisingiziwa na hakufungua kinywa. Ushauri huu umezoeleka mno, kiasi kwamba anayeukataa huonekana amepungukiwa imani. Mimi naukataa, na naukataa kwa Injili ileile inayotajwa kuutetea.

Tazama kinachofuata baada ya mama huyo kunyamaza. Mwanzoni watu humsifu kwa upole wake. Siku zikisogea wanaanza kuulizana kwenye foleni ya maji na kwenye kikao cha vikoba: mbona hajibu? Kama hakuchukua, si angesema? Kisha mmoja anatoa ile methali inayomaliza kesi bila shahidi hata mmoja: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sisi tuliomwambia anyamaze sasa tumeufanya ukimya wake ushahidi. Akijibu, hana roho ya Kristo. Asipojibu, basi kweli alikula. Tumemfungia milango yote miwili, na Jumapili tunakaa naye benchi moja tukiwa tumevaa sare ya kitenge kimoja.

Watu wa Handeni wangepaswa kuielewa dhuluma hii kuliko wengi. Jina la wilaya yao husemwa nchi nzima kana kwamba kila boma lina mganga na kila mzee ana tunguri. Mzigua wa huko akijitambulisha ugenini, utani humfikia kabla salamu hazijaisha, naye mara nyingi hucheka na kunyamaza. Ukimya huo haujalisafisha jina la Handeni. Miaka inapita na maneno yako palepale, kwa sababu uzushi usiojibiwa haufi kwa njaa. Unaishi kwa kurudiwa, na wa kuurudia hawakosekani.

Turudi kwa Yesu, maana hapo ndipo ushauri huu unapojikinga. Ni kweli alinyamaza mbele ya Herode, Luka ameandika katika sura ya 23. Lakini Herode hakuwa akitafuta ukweli, alitamani kuona muujiza. Kabla ya hapo, mbele ya kuhani mkuu, mtumishi alipompiga kofi, Yesu hakunyamaza. Alimtaka auonyeshe ubaya aliousema, na kama haupo, aeleze kwa nini anampiga. Soma Yohana 18:23 uone. Waandishi waliposhuka kutoka Yerusalemu wakieneza kwamba anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, Marko anasema aliwaita, akawajibu hoja kwa hoja. Na Paulo kule Filipi, baada ya kuchapwa viboko mbele za watu bila kuhukumiwa, alipoambiwa atoke mjini kimyakimya alikataa katakata. Waliompiga hadharani waje wenyewe wamtoe. Alikuwa akiacha nyuma kanisa changa, na alijua kuwa aibu aliyopakwa hadharani, ikifutwa kwa siri, ingebaki kwa ndugu hao.

Petro, katika waraka wake wa kwanza, anakataza kurudisha tukano kwa tukano. Hilo ni katazo zito na nalishika. Ila kujizuia kutukana ni jambo moja, na kukubali uongo usimame ni jambo jingine kabisa. Walimu wetu wameyafunga mawili haya katika furushi moja na kumtwisha aliyeonewa.

Kwa anayesisitiza kumwachia Mungu, namwomba asome habari za Susana, sura ya 13 ya Danieli, ambazo Wakatoliki wanazo katika Biblia yao na Waanglikana wanazisoma katika vitabu vya Apokrifa. Wazee wawili, tena waamuzi wa watu, walimtaka mke wa mtu. Alipowakataa walimsingizia kwamba wamemkuta na kijana chini ya mti. Mkutano mzima uliamini mara moja, kwa kuwa waliosema ni wazee wenye heshima. Alihukumiwa kufa. Susana alipaza sauti akamlilia Mungu, akatamka mbele ya wote kwamba ni uongo. Mungu alimsikia. Alimjibu vipi? Hakushusha moto. Aliiamsha roho ya kijana mmoja aliyesimama katika umati uleule, Danieli, akapiga kelele kwamba hatashiriki damu ya mwanamke huyu, akawakemea kwa kumhukumu mtu bila kuchunguza. Kisha akafanya kazi ya kawaida kabisa, kazi ambayo mzee yeyote wa kanisa anaweza kuifanya. Aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja peke yake: ilikuwa chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine.

Kwa hiyo tunapomwambia mtu amwachie Mungu, tujue Mungu anaweza kuwa amekwisha kumjibu kwa kutuweka sisi pale, na sisi tumekaa.

Amri yenyewe inasema hivyo. Waanglikana wanaihesabu ya tisa, Walutheri na Wakatoliki wanaihesabu ya nane, lakini ni amri moja juu ya ushahidi wa uongo. Kila kijana wa KKKT aliyepita darasa la kipaimara amefundishwa maelezo ya Martin Luther katika Katekisimo Ndogo: kutomzulia jirani ni nusu tu ya amri. Nusu ya pili ni kumtetea, kumsema vizuri, na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Tunaikariri tukiwa na miaka kumi na kitu, tunawekewa mikono, kisha hatuitumii tena. Na Mambo ya Walawi 19:16 inaweka pamoja, katika mstari mmoja, katazo la kuzunguka na umbea na katazo la kusimama kinyume cha damu ya jirani. Aliyeyaweka pamoja alijua umbea huishia wapi.

Sisi Watanzania tunajua pia. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Neno lilipita kwamba ni wanyonya damu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kiongozi wa dini naye alilitangaza neno hilo kwa kipaza sauti, watu wakakusanyika. Nikilifikiria tukio hili sipati usingizi. Kulikuwa na muda wa kuuliza swali moja: nyie ni nani, barua yenu iko wapi? Badala ya swali kukatoka tangazo. Mwaka uliofuata, Julai 2017, wanawake watano waliuawa kijiji cha Uchama, Nzega, kwa kudhaniwa wachawi. Sheria ya Uchawi, ambayo tangu mwaka 1928 inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi mitaani, haikuwafaa kitu, kwa sababu minong'ono ilikuwa imekwisha kutoa hukumu.

Msiniambie kwamba kwetu Handeni na Korogwe hayajafika huko. Maombi ya nyumba kwa nyumba yanayoanza na kusema tumwombee dada fulani, mnajua tena yaliyompata, yanatembea njia ileile. Tofauti ni umbali tu.

Na hapa nawageukia viongozi wa kanisa, maana lawama yangu kubwa iko kwao. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, anatengwa na meza ya Bwana, anasimamishwa uimbaji wa kwaya, na siku ya kurudi kundini anaitwa mbele. Wanandoa wasiofunga ndoa kanisani wanajua zamu yao. Lakini sijapata kusikia mtu ametengwa kwa uzushi. Aliyemchafua mwenzake mpaka akahama mtaa anakomunika Jumapili ileile. Kanisa linaloadhibu tumbo na kuuacha ulimi limechagua dhambi inayoonekana kwa macho, na waliochaguliwa kuadhibiwa ni wanawake vijana.

Huku Tanga tunayo desturi ya kusuta. Wanawake wanamfuata mmbea mlangoni kwake na ngoma, wanayarudia maneno yake mbele ya majirani. Wachungaji wanaihubiri kuwa ni mbaya, na mimi sitaitetea, kwa sababu inaanzia kwenye aibu, pale ambapo Mathayo 18 inaanzia faraghani: nenda kwake peke yako, kisha na mmoja au wawili, kisha uliambie kanisa. Lakini wasutaji hawajasahau kwamba neno ni lazima lirudishwe kwenye kinywa lilikotoka. Kanisa limesahau. Tunaitaja Mathayo 18 kwenye semina, na hatua ya tatu, ile ya kuliambia kanisa, haifikiwi kamwe kwa kesi ya umbea.

Mfano tunao: Frank Weston, askofu wa Zanzibar aliyefia Hegongo mwaka 1924, alipowaona maaskofu wa Uganda na Mombasa wamekosea katika mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913, hakunong'ona. Aliandika barua, akataja majina, akaweka jina lake mwenyewe, akaipeleka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Wengi walimwona amezidisha ukali. Ila walioshtakiwa walimjua mshtaki wao na shtaka lao, na waliweza kujibu.

Baraza la wazee linaweza kuanza na kiasi hicho. Tuhuma isiyo na jina la mtoaji isipokelewe, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo kudai mashahidi wawili au watatu. Yenye jina ipangiwe siku, daftari la mapato na stakabadhi viwekwe mezani. Ikionekana ni uongo, isemwe kwenye matangazo ya Jumapili, kwa sauti ambayo wote waliosikia uzushi wataisikia, na mzushi ashughulikiwe kama anavyoshughulikiwa yule binti.

Nitaambiwa hili litavunja usharika. Waliohama kimya baada ya kuchafuliwa wamekwisha kuvunjika, ila hawahesabiwi kwa kuwa hawakupiga kelele. Nitaambiwa pia mtu aende mahakamani akadai fidia. Paulo alishawauliza Wakorintho, katika sura ya 6, inakuwaje wapelekane mbele ya wasioamini, na kama hakuna kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima anayeweza kuamua kati ya ndugu na ndugu. Wazee wa Handeni na Korogwe wanadaiwa jibu la swali hilo, na mama wa hela ya mabati ana haki ya kulidai kwa maandishi.