Jaketi ni ya picha, soksi ndizo za kukufikisha Lenana

Kila wikendi matatu za kukodi zinatoka Nairobi zikiwa zimejaa vijana wanaoenda kukwea milima. Wanaanza na Ngong, wanaenda Longonot, halafu mtu akishapata kichwa anasema sasa ni Mlima Kenya. Poa sana. Lakini hebu soma tangazo la safari yenyewe. Kuna ada, nambari ya kutuma pesa, mahali pa kukutana na orodha ya vitu vya kubeba. Jaketi imeelezwa mpaka rangi itakayotokea fiti kwa picha. Kuhusu miguu utapata neno moja tu: soksi.

Soksi gani sasa? Hapo ndipo waandalizi wanatuangusha, na wao ndio tunawalipa wajue.

Hesabu si ngumu. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Point Lenana ni mita 4,985. Tofauti ni kama nyuzi 20. Kwa hivyo usiku ule wa Julai unaojikunyata ndani ya blanketi ukilia eti Nairobi imekuwa Ulaya, nyuzi 12, kule juu maji yanaganda. Na wengi hutoka kambini saa nane au saa tisa usiku ndio wawe kileleni jua likichomoza. Yaani tunapanda wakati baridi ni kali kabisa.

Sasa mtu anapanda na soksi za pamba, zile zile za kuvalia raba mtaani. Pamba hunywa maji na kuyashikilia. Ukipanda, mguu unatoa jasho na soksi inalowa. Ukisimama kupumzika, jasho linapoa, na maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Vidole vinakufa ganzi. Ngozi iliyolowa inasuguliwa na kiatu, malengelenge yanatokea. Msee asiyesikia vidole vyake atakanyagaje mawe yenye barafu gizani?

Dawa ni sufu, manyoya ya kondoo. Sufu hunywa jasho pia, lakini inaweza kubeba karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla ya wewe kuhisi umelowa, na hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto. Ikichanganywa na nailoni kidogo ni sawa, nailoni huifanya idumu.

Mtu atasema hizo ni vitu vya watalii. Si kweli. Nenda Gikomba asubuhi wakifungua kamera, utazipata kwenye rundo la soksi, tena muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza nini. Soma lebo kama iko. Kama imetoka, nunua jozi moja, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja uuwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalopukutika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu, ni plastiki tu, ulipe ubaki kuivalia kwa nyumba.

Usivae jozi tatu ukidhani unajipenda. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo inaleta joto. Jozi moja nzito, au moja nyepesi isiyo ya pamba chini ya ile nzito, basi. Vidole viwe na nafasi ya kucheza. Jaribu viatu ukiwa na soksi hizo hizo, si siku ya safari ndio unagundua haziingii. Halafu beba jozi nyingine kavu ya kulalia, na hiyo usiiguse mchana hata ulie. Njia ya Naro Moru ina kinamasi cha mlimani, na pale soksi za mchana zitalowa upende usipende.

Na tukiwa hapo kwa miguu, angalieni miguu ya wapagazi wanaowabebea mahema. Upande wa Kilimanjaro kuna mradi mjini Moshi unaowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Sisi tunapiga nao picha tu, mwingine kavaa buti zilizochoka na soksi ambazo huwezi kumpa ndugu yako.

Kwa hivyo waandalizi, kabla ya kupokea ada nyingine, andikeni kwenye orodha: soksi za sufu jozi mbili, moja ya kutembea, moja kavu ya kulalia, za pamba ziachwe nyumbani. Halafu kagueni kabla gari halijang'oa nanga. Na mpagazi ahesabiwe kwenye orodha hiyo hiyo, jozi zake zitoke kwa ile ada tunayotuma.